Kikombe cha Sita

Ukishuka stage ya Kitengela upande wa maduka ya mabati, utaona benchi moja la mbao, na kando yake Kasyoki, mama wa Ukambani, na thamosi zake tatu za kahawa. Nchi hii inaendeshwa kutoka hapo, serikali haina habari tu. Ngigi, dalali wa ploti, hulifungua benchi asubuhi; wanamwita Museum kwa sababu nyumba yake imejaa birika za zamani na seti za chai alizookota kwenye minada. Lazarus Nalianya, fundi wa redio, wanamwita Stima, na methali zake huwa ameziunganisha waya vibaya. Lakini Ijumaa hiyo, saa nane mchana, hakuna aliyekuwa na utani. Wachira, mwenzao wa tatu, alikuwa amefungua gazeti juu ya benchi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kikombe.

Wachira, maskini, alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu. Kikombe kilikuwa cha mke wake, Nyaguthii, na kabla yake kilikuwa cha mama mkwe, aliyenunua seti nzima kwa pesa za pareto siku mzungu mmoja alipouza vyombo akahama. Birika, sahani, vikombe sita vya maua ya waridi. Mama alimpa bintiye seti hiyo siku ya harusi, na sasa mama ni marehemu. Vikombe hukaa kwenye kabati ya sebuleni, ya kioo, imefungwa, ufunguo anao Nyaguthii, na hutoka wageni wakija. Wachira ameishi na vikombe hivyo miaka ishirini na sita bila kuonja chai yake mle hata siku moja. Nyaguthii akaenda Kimuka kwa dada yake. Wachira akautafuta ufunguo, akaupata ndani ya mkebe wa majani ya chai, na shetani akafanya yaliyobaki.

— Anarudi leo saa kumi, — akasema. — Jamani, nisaidieni kuchagua.

Maana alikuwa na vikombe viwili vizima vya kuziba pengo. Kimoja alikuwa amekifuata mpaka Bisil, kwa mzee Tajeu anayeuza vyombo vikuukuu karibu na soko la mbuzi. Kingine kilikuwa mkopo kutoka nyumba ya Museum.

— Hii ya Bisil, rose yake ni ndogo, — Museum akasema, akikiinua kuelekea jua. — Angalia. Kikombe ya maana unaona kivuli ya kidole kwa upande ile ingine. Hii unaona.

— Basi iko sawa? — Wachira akauliza.

— Ngoja. — Akakigonga kwa ukucha, kikalia ting. — Imelia vizuri, haina ufa. Sasa geuza chini usome stampu. Ya mke wako iko na taji. Hii haina. Yangu iko na taji.

— Lakini yako rose ni kama kabeji, — Stima akasema.

— Mke wake atasoma chini ama ataangalia maua?

— Huyo mama atasoma chini, — Kasyoki akasema, akimimina. — Mimi namjua kwa chama. Husoma mpaka risiti ya chumvi.

Wachira akakigeuza tena kile cha Bisil, kana kwamba taji lingeota.

— Usijali, Baba Kui, — Stima akamfariji. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Inaingia tu. Leta hiyo mkono ya kikombe nione kama naweza unganisha.

Mkono ulikuwa peke yake, mzima, ndiyo sehemu pekee iliyobaki na umbo. Stima akauweka karibu na macho, akaugeuza, akakunja uso kama daktari anayetaka kuitwa daktari.

— Hapa iko na laini ya manjano. Imezunguka pale ilikuwa imeshika.

Museum akaunyakua.

— Hiyo ni dhahabu, — akatangaza. — Wazungu wa zamani walikuwa wanashikisha mkono na dhahabu. Wachira, umevunja kitu ya kuweka kwa benki.

— Dhahabu gani inakwaruzika na ukucha? — Stima akauliza. — Hiyo ni mfupa. Hizi vikombe zinatengenezwa na mfupa, si uliniambia mwenyewe?

— Ni kweli, wanachoma mfupa wanachanganya na udongo.

— Haya. Mfupa ya nini?

— Ng'ombe.

— Ya mtu wa kawaida ni ng'ombe. Ya taji ni farasi. Farasi ya mfalme ikikufa, hawaziki, wanatoa seti. Na farasi moja inatoa vikombe sita peke yake. Ndiyo maana hautapata ya saba Bisil, hautapata Rongai, hautapata hata London. Hiyo farasi imeisha.

— Na hiyo manjano? — Wachira akauliza, na hapo ndipo ujue mtu amekata tamaa, anapomuuliza Stima swali la pili.

— Mafuta yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Kasyoki akatikisa kichwa. Wachira akaangalia saa yake: saa tisa na robo. Alijiona tayari amesimama sebuleni, na Nyaguthii hasemi kitu, maana Nyaguthii akiumia hasemi. Matusi angeyabeba. Ule ukimya wa matanga ya mama yake ndio alikuwa anauogopa, wiki tatu nyumba nzima ikitembea kwa vidole.

Akaja Resian, anayemletea Kasyoki maziwa kwa pikipiki. Hakuwa mtu wa benchi.

— Supa, wazee.

— Ipa, — wakaitika kwa Kimaasai.

Akatua mtungi, akatazama gazeti, akauchukua ule mkono akaunusa.

— Kilivunjika lini?

— Jumatatu, — Wachira akasema.

— Na ukajaribu kuunganisha?

— Sijagusa. Niliinua tu hivi, mkono ikabaki kwa vidole, kikombe ikaanguka kwa simiti.

— Sasa hii gundi ya zamani hivi ni ya nani?

Stima akainama, akaikwaruza tena ile laini, akanusa ukucha wake.

Wachira ndiye aliyeanza kuelewa. Kabati ina ufunguo mmoja. Na wageni wakijaa, kikombe kimoja Nyaguthii hampi mtu, hukichukua mwenyewe na kukifumbata kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Siku zote Wachira alidhani ni adabu ya kwao.

— Mnaangalia nini?

Nyaguthii alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wake, amefika mapema. Wanaume wakaangalia kahawa yao.

— Mama Kui, nimevunja kikombe ya mama, — Wachira akasema, akamnyooshea ule mkono.

Hakumwangalia Wachira. Aliangalia ile laini ya manjano. Kisha akaketi kwenye benchi lile, la wanaume, akavua kitambaa cha kichwa, akacheka huku machozi yakimtoka.

— Nilikivunja Kui akiwa nasari, — akasema. — Nikanunua gundi kwa fundi wa viatu. Nilisema nikwambie. Halafu nikaona ungemwambia mama. Nikangoja. Mama akaenda, na mimi nikakosa mahali pa kuanzia.

— Miaka yote hiyo, — Wachira akasema.

— Kila mgeni akibisha mlango roho inaniruka. Wewe umeteseka siku tano, Wachira.

Wachira akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatatu. Alitaka kucheka, akajikuta amemshika mkewe bega mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

— Kasyoki, mpe kahawa.

— Imeisha.

— Tutapika chai nyumbani, — Nyaguthii akasema, akisimama. — Viko vitano, vinatutosha.

— Si hizo ni za wageni?

— Wageni wamekunywa vya kutosha, — akasema, akampa mkoba abebe.