Karatasi ya Kumfukuzisha Nayeli

Benchi la Doña Chayo, muuza kahawa, linatazamana na mlango wa zahanati mjini Tehuacán. Kila Alhamisi wazee watatu wenye kisukari huja hapo wakishakula kifungua kinywa cha utafiti na kutobolewa vidole. Chakula ni kilekile: vipande viwili vya mkate, yai na maziwa, vyote vimepimwa na Nayeli, binti wa zahanati, na kila mtu aje na tumbo tupu tangu jioni. Leo wote wameambiwa sukari imepanda, dozi ya vidonge itaongezwa. Mmoja wao, aliyebandikwa jina la Redio kwa maneno yake mengi, akaandika karatasi Nayeli afukuzwe. Wa pili, waliyemwita Profe, alishatia sahihi. Alibaki wa tatu, Herminio, mwoka mikate mstaafu.

— Tia sahihi, kompadre, Redio akamhimiza. Yule binti atatuzika.

— Kwa mkate?

— Anautia asali! Na mchovya asali hachovyi mara moja.

— Asali tungeiona, akadakia Profe. Ni mizani hiyo, imechezewa.

— Na waliomtuma ni wenye kiwanda cha vidonge! Redio akasema. Wanatunonesha kama batamzinga wa Krismasi.

— Hata lile yai, Profe akaongeza. Nimelichunguza. Halijawahi kumwona kuku.

Herminio hakucheka. Aliizungusha kalamu mkononi. Alfajiri alikula tamali mbili tamu za unga wa mahindi jikoni, amesimama, mkewe asisikie. Alhamisi iliyopita vilevile. Kisha akaja kumnyooshea Nayeli kidole kitobolewe, naye binti akakifuta taratibu, akimwita babu.

— Sahihi, Herminio! Unamwogopa?

— Nasoma kwanza.

— Soma, soma! Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Herminio akaishusha kalamu mpaka ikagusa karatasi. Hapo ndipo Doña Eulalia, jirani yao, alipokuja kuketi pembeni.

— Samahanini, jamani. Na mimi naanza utafiti huo wiki ijayo. Hebu nifundisheni: mnawezaje kukaa na njaa tangu jioni mpaka asubuhi?

Profe akachungulia kikombe chake. Redio, ambaye hata kanisani hanyamazi, akaanza kupangusa suruali isiyo na vumbi.

Herminio aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akaiweka kalamu, akasimama.

— Unakwenda wapi? Redio aliuliza.

— Kumwambia binti nilichokula.

Akavuka barabara. Alipofika mlangoni alisikia viatu nyuma yake. Hakugeuka. Vilikuwa jozi mbili.