Haroub bin Jecha na Gari ya Kuoshea Maiti

Assalamu alaykum. Masheikh wetu, wazee, majirani wa Wingwi na Micheweni, ndugu mliotoka Kiuyu, na kinamama mlioko ndani pamoja na mjane, familia imenituma mimi, Zubeir Jecha, mdogo wake marehemu, nikusomeeni maisha ya kaka yangu leo Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, siku ya tatu tangu tumzike, na kabla sijaanza nakuombeni mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna jambo moja ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele za watu, na huyu anayelisoma halipendi.

Marehemu Haroub bin Jecha bin Usama alizaliwa hapa Wingwi siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1970, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Jecha bin Usama, mkulima wa muhogo na mfuga ng'ombe, na Bi Mize binti Msellem, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alitiwa chuoni akiwa na miaka mitano, akahitimu Kurani mwaka 1981, na skuli alianza Januari 1978, akaishia kidato cha pili mwaka 1987, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye mbao, na walimu wake walikuwa wakimtoa darasani akatengeneze madawati, halafu wakimchapa kwa kukosa kipindi.

Mwaka 1988 alikwenda Wete kwa fundi wa makabati, akakaa kwake miaka sita akijifunza, na tarehe 3 Aprili 1995 akafungua karakana yake mwenyewe Micheweni, ambako alitengeneza vitanda, milango na makabati ambayo wengi wenu mnayo majumbani, makabati ambayo droo zake zinafungika kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kazi yake ilikuwa nzuri na ahadi zake zilikuwa mbovu, hilo tuseme, na kama yupo mtu hapa aliyewahi kupewa kitanda siku ile ile aliyoahidiwa, basi anyooshe mkono tumjue.

Alifunga ndoa Kiuyu, Ijumaa ya tarehe 5 Disemba 1997, na Bi Asya binti Ame, mtoto pekee wa kike wa Bi Mwanapili, na Mungu akawajaalia watoto watatu, Yumna aliyezaliwa 1999, Ridha aliyezaliwa 2003, na Ummkulthum aliyezaliwa 2008. Bi Mwanapili alimpenda mkwe wake huyu mpaka wanawe wa kiume wakawa wanalalamika, maana samaki mkubwa alikuwa akiwekewa Haroub hata siku ambayo Haroub hakutarajiwa, na wao wakapewa wa kukaanga wenye miba.

Tarehe 11 Februari 2012 baba yetu Mzee Jecha alifariki nyumbani kwa dada yetu Micheweni, katikati ya kiangazi, bomba la mtaa likiwa kavu siku ya nne na kisima kilichobaki kikiwa cha maji ya chumvi, na maiti yake ikalala tangu saa tatu za asubuhi mpaka kukaribia magharibi ikingoja madumu ya maji yaliyokuwa yakiletwa kwa baiskeli, moja moja. Haroub alikaa mlangoni siku nzima akiwafukuza nzi, hakula, na tulipotoka makaburini aliniambia kwamba yeye angali hai, hakuna mzee wa upande huu atakayengojeshwa maji namna ile tena.

Mwaka uliofuata alipata Suzuki fupi ya milango mitatu, yenye kuvuta kwa matairi yote manne, iliyoachwa na mradi mmoja uliokwisha muda wake, akang'oa viti vya nyuma na kuanza kazi ambayo watu walikuwa wakija karakana kuicheka, kwa sababu fundi wa makabati alikuwa anajenga kabati ndani ya gari. Chini aliweka droo mbili ndefu za plaiwudi nene, zilizopigwa vanishi mara tatu zisinywe maji, zikitembea juu ya reli za chuma, ya kulia ya wanawake na ya kushoto ya wanaume, kila moja ikiwa na sanda zilizokwishakatwa, pamba, sabuni, majani ya mkunazi yaliyosagwa, karafuu maiti ndani ya chupa, na marashi, na juu ya droo akaweka ubao wa kuoshea unaovutwa nje na kusimama kwa miguu yake. Nyuma ya kiti cha dereva alifunga tangi la lita mia moja na ishirini, pampu ndogo ya kutumia betri ya gari, na mpira mrefu wa kufika mpaka uani, na alihangaika wiki mbili nzima na koki ya mwisho ili maji yatoke taratibu kama ya kumimina kwa kata, maiti asipigwe na maji ya nguvu.

Ukubwa wa tangi lile haukuja hivi hivi. Kabla ya kulinunua alimwendea sheikh, akaambiwa kwamba maji yasiyofika kulateni, yaani lita mia mbili na kitu, yakiingiwa na najisi yameharibika yote hata kama rangi na harufu hazikubadilika, na Haroub akapiga hesabu, akaona kwamba lita zote hizo, juu ya mbao na watu, springi za gari ndogo haziwezi kuzifikisha Kiuyu kwenye njia ile ya mawe, basi akachagua tangi dogo lenye ulinzi mkubwa, mfuniko wa kufungwa kwa skrubu, na tundu la kupumulia la upana wa kidole gumba, maana pampu ikivuta maji lazima hewa iingie, na tundu hilo akaliziba kwa wavu wa waya.

Siku aliyoitoa gari kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Machi 2015, droo ya wanaume ilifunguka yenyewe kwenye kilima cha kuingilia sokoni Micheweni, mlango wa nyuma ukaachia, na sanda zikamwagika barabarani mbele ya watu, wengine wakakimbia, na mzee mmoja mrefu akaokota moja, akajipima, akamrudishia akimwambia kwamba hiyo si saizi yake, aende akakate nyingine asije na haraka. Haroub alitia makomeo ya chuma wiki ile ile, na tangu hapo gari ikawa inapigiwa simu kutoka kila kijiji cha wilaya hii, kiangazi na masika, na yeye akaacha randa na msumeno, akaenda, bila ujira.

Sasa nafika pale nilipoagizwa nisipunguze kitu.

Mwanzoni mwa Februari 2019 wavu wa lile tundu uliliwa na kutu, marehemu akautoa atie wa shaba, na kwa kuwa alikuwa na madawati ya skuli ya kumaliza, hakutia. Jumamosi ya tarehe 9 alilisugua tangi, akalijaza, akaiweka gari ndani ya karakana, na haikutoka tena mpaka Jumanne ya tarehe 19, alipofariki Bi Mwanapili, mama mkwe wake, nyumbani kwake Kiuyu. Aliiendesha mwenyewe, akasimama nje ya ua akiwasha na kuzima pampu, na ndani Bi Asya alishika mpira kwa mkono wake, akammiminia mama yake maji, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa mkunazi na karafuu maiti, na kwa harufu ya marashi hakuna aliyenusa jambo lolote. Bi Mwanapili akasaliwa, akazikwa baada ya alasiri.

Asubuhi ya Jumatano pampu ilikuwa imeziba, Haroub akafungua mfuniko, akamkuta panya ndani ya tangi, amevimba, manyoya yake yamekwisha kunyonyoka na kuingia kwenye chujio la pampu, na hapakuwa na shaka yoyote kwamba alikuwamo mle siku nyingi kabla ya Jumanne. Alijua maana yake bila kumuuliza mtu. Alijua kwamba mama mkwe wake ameoshwa kwa najisi na kuvishwa sanda juu ya najisi, alijua kwamba akisema siku ile kaburi litafunuliwa na mama ataoshwa upya, na alijua vilevile kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele ya mkewe na kulitamka. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake ilikuwa siku ya tatu, yeye ndiye aliyegawa uji na chai kwa waliokuja kusoma, na hakusema.

Siku ya nane alikwenda mpaka Chake, kwa sheikh asiyemjua, akauliza kana kwamba ni jambo la mtu mwingine, akajibiwa kwamba maadamu siku zimepita na mwili umekwisha kubadilika, kaburi haliguswi tena, ila aliyejua akanyamaza atubie kwa Mola wake, na awaendee wenye maiti awatake radhi. La kwanza alilifanya kila siku. La pili hakuliweza kwa miaka sita na miezi minane, na mimi ndugu yake nasema wazi mbele yenu kwamba alikosea, kwani panya ni bahati mbaya, lakini kunyamaza kulikuwa ni kuchagua.

Tangu hapo alitia nyavu mbili za shaba, na kabla ya kila safari alifungua tangi, akamulika tochi, akanusa, akamwaga yote na kujaza upya, watu wakimtania kwamba anatafuta pete iliyomwangukia, na sisi tukimsifu kwa uangalifu, kumbe ile ilikuwa hofu. Kila Ijumaa alikwenda Kiuyu na dumu la maji kumwagilia kaburi la Bi Mwanapili, na Bi Asya akawa anajivunia kwa wenziwe kwamba mumewe anamzuru mama yake kuliko hata watoto wa tumboni mwake. Marehemu aliniambia kwamba sifa ile ilimuuma kuliko ugonjwa.

Ugonjwa ulianza Machi 2023 kwa kuvimba miguu, ikaonekana figo zimechoka, akatibiwa hapa Pemba na kisha Unguja, na tarehe 20 Oktoba mwaka huu madaktari walituruhusu turudi naye nyumbani. Siku hiyo hiyo alinieleza yote haya, akaniagiza aoshwe kwa maji ya kisimani yanayotekwa kwa ndoo na si kwa gari ile, na kwamba akishazikwa nimwambie mkewe, kisha niwasomee watu. Nilimwambia aseme mwenyewe angali na pumzi. Aligeukia ukutani, akasema, "Uso wake siuwezi, Zubeir." Alifariki Alkhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano, na nyinyi mlionong'ona siku ile kwa nini mwenye gari ya maji anatekewa maji kwa ndoo, sababu ndiyo hiyo.

Kwa nyote mliosafishiwa wazee wenu kwa gari ile, msiingiwe na wasiwasi, kwani kati ya tarehe 9 na tarehe 19 haikuosha mwingine, na baada ya hapo hapakuwa na safari ambayo tangi halikukaguliwa, na hilo marehemu aliniapia. Ndugu zetu wa Kiuyu, wana wa Bi Mwanapili, nilikuelezeni asubuhi ya leo, mkanyamaza, na kunyamaza ni haki yenu, familia inaitaka radhi yenu na haitakuharakisheni.

Mjane nilimwambia jana baada ya alasiri, Yumna akiwa pembeni yake. Aliniuliza jambo moja tu, marehemu alijua lini, nikamjibu kwamba alijua Jumatano, siku ya pili yake. Akasema, "Basi ule uji alioniletea siku ya tatu, akanishika kichwa nikanywa, alikuwa anajua." Kisha akaniambia nisome kama alivyosema, nisipunguze kwa ajili yake wala kwa ajili ya watoto, na akanipa maneno ya kukufikishieni juu ya radhi, nami nayasoma kama alivyoyasema: "Mie yangu n'shampa. Ya mama si yangu mie."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Pemba na Unguja waliomhangaikia, majirani waliolala nasi, vijana waliochimba kaburi kwenye mawe yale kwa mitaimbo, mafundi wenzake wa Micheweni waliofunga karakana zao siku tatu, masheikh waliomsalia, na kinamama waosha, ambao gari inabaki mikononi mwao, pamoja na kazi ya kufungua tangi na kulimulika kabla ya kila safari.

Kaka Haroub, mkeo amekupa yake. Ya Bi Mwanapili sisi hatuna ya kukupa, nenda kamtake mwenyewe, na akishakupa, ndipo upumzike.