Eliudi Kibona na Gari Lililosahau Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, pumzisheni mikono kidogo. Leo tunamkumbuka Eliudi Kibona, aliyetutoka wiki hii. Eliudi Kibona, mzaliwa wa Ikinga, kule milimani kwenye baridi, fundi umeme wa magari hapa Tunduma.

Tunduma yetu mnaijua: malori, vumbi, jua, kila mtu na papara zake. Eliudi hakuwa nazo. Ukimletea gari, alikaa nalo kwanza, kimya, hadi ukadhani kasinzia. Kazi yake ilikuwa kontroli boksi, lile boksi dogo linalotunza kumbukumbu ya gari. Boksi likisahau, injini haiwaki.

Kule Ikinga kulikuwa na gari la kanisa, ndilo lililowashusha wajawazito hospitali. Likawa linagoma kila asubuhi. Eliudi akalipima Tunduma, juani, likanguruma vizuri. Akafuta makosa yaliyohifadhiwa kwenye boksi, akasema limepona. Liliporudi Ikinga, likagoma tena. Na safari hii binti yake Eliudi mwenyewe, Erica, alikuwa karibu kujifungua.

Eliudi akapanda mlimani. "Ugonjwa wa Ikinga nimeupimia Tunduma," alimwambia dereva, Sadoki. "Nimekosea." Akalala huko huko, na gari likalala nje kwenye ukungu. Alfajiri uchungu ukamshika Erica. Gari likakataa kuwaka.

Sadoki anasimulia: "Mzee alilifungua boksi, akalifunika kwa viganja, akawa analipulizia pumzi. Katulia kama anaota. Injini ikawaka. Akaniambia, lehemu imepasuka, ikipata baridi inaachia, ikipata joto inashika. Ila muda wa kuirekebisha hatuna. Twende."

Akaliingiza boksi ndani ya sweta, nyaya zikiwa bado zimeshikana na gari, akalikumbatia tumboni. Wakashuka hivyo, Erica kiti cha nyuma, mawingu yakiwa chini yao, migomba ikitokeza na kupotea. Nikiifikiria safari ile, wasikilizaji wapendwa, najiona nami nimo, na sitamani ifike mwisho.

Walifika salama. Mtoto yupo, anaitwa Tumaini.

Poleni sana familia ya Kibona, wa Ikinga na wa Tunduma. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunayempima juani, ilhali anaumwa baridi?

Jana msibani nilimuuliza Erica anamkumbukaje baba yake. Aliitazama milima.

"Siku ile mimi nilimbeba mtoto," akasema, "na baba akalibeba gari."