Neno la Kutenganisha Maduka

Benchi la kahawa liko barazani pa duka la ushonaji, duka ambalo siku hizi ni mawili. Mama Pindo na mdogo wake waligombana, wakapigilia ubao katikati, ubao wenyewe haufiki hata darini. Toka hapo wanasalimiana kwa kukohoa. Wateja huchanganya milango, na Mama Pindo amekula yamini kwamba jua halizami bila bango. Kwa kuwa mtaa mzima unaandika Kiingereza, mchora mabango ameshaandika THESE TWO SHOPS ARE, yaani maduka haya mawili ni. Limebaki neno moja. Brashi inachuruzika.

— Semeni basi, wasomi wa vikombe! Mama Pindo akawaambia wanywa kahawa wa benchini. Nataka neno la kututenga.

— Different, akasema Kinyozi. Si sawa, basi.

— Jepesi hilo. Kiatu cha kulia na cha kushoto ni different, na vinalala pamoja.

— Weka various, akasema Profesa, karani mstaafu. Lina uzito. Mwenda pole hajikwai.

— Various si namna kwa namna, kama vifungo koponi? Watadhani tuko kumi!

— Basi distinct. Hilo ni la mtu anayetambulika hata gizani, kwa harufu tu.

— Mimi nanuka, Profesa?

— Separate! Kinyozi akadakia. Hilo la mahakamani, la waliotengana. Ukishaliandika, mvua ikinyesha kwako, kwake hakulowi. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na bati ni moja! mchoraji akacheka. Mama, rangi inakauka.

— Andika separate. Herufi kubwa, alione hata akifumba macho.

Mchoraji hajavuta S, akatokea dereva wa lori, suruali kwapani.

— Shikamooni. Hii nilishonewa hapa, mwaka wa nne huu haijaachia uzi. Nataka nyingine tatu, kwa mkono uleule. Nani aliishona?

Mama Pindo alishafungua mdomo aseme "mimi". Kwanza akaipindua. Pindo la mara mbili, fundo limefichwa ndani, vile mama yao alivyowafundisha wote wawili kwa kuwachapa rula vidoleni. Akaiinua juani. Akapitisha ukucha kwenye mshono. Benchi zima likainama kutazama. Hakutambua kama ni mkono wake au wa mdogo wake.

Akaingia ndani, akairusha suruali juu ya ubao.

— Wewe! Hii kashona nani?

Cherehani ya upande wa pili ikanyamaza.

— Sijui, ikajibu sauti. Lete miwani yako tuitazame wote.