Mpiga Picha wa Ridhaa

Benchi la kijiwe hiki lilianza maisha likiwa mlango. Fundi wa fremu za picha aliulaza juu ya matofali mbele ya duka lake akimngoja mwenyewe aje auchukue. Mwenyewe hakuja, watu wakaja wakakaa. Upande wa kivuli hukaa Mashine, kinyozi wa duka la pili, ambaye huja kunywa kahawa na taulo la mteja begani, mteja kamwacha kitini na nusu ya kichwa. Upande wa jua hukaa Kamusi, mwalimu mstaafu anayejua maana ya kila neno, na asiyoijua huitunga papo hapo. Mama Birika anauza kahawa na ana haki ya kumkatiza yeyote, maana vikombe ni vyake. Katikati hukaa mwenye duka, wanamwita Fremu. Amevisha mbao na vioo arusi za watu, vyeti vya watu na marehemu wa watu, ila yeye hajawahi kutundika picha yake hata moja.

Siku hiyo alikuwa na picha mbili ndani ya simu, na alitakiwa kutuma moja kabla ya saa kumi. Maktaba ya mji ilikuwa imetangaza mashindano ya wapiga picha wa ridhaa, mada Mwanga, na picha itakayoshinda itakuzwa itundikwe ukumbini mwaka mzima. Zawadi nyingine zilikuwepo lakini hakuzisoma. Aliutaka ule ukuta. Fremu karibu zote zilizomo mle ni kazi yake, na kila alipoingia aliona macho ya watu yakipita juu ya mbao zake kama hazipo, yakaenda moja kwa moja kwenye picha ya mtu mwingine. Safari hii alitaka yaishie kwake.

— Mwanga gani sasa? Mashine aliuliza. Wa taa, au wale wanaopaa na ungo usiku?

— Mwanga wa kuonea, Kamusi akamjibu. Wale wa ungo huwezi kuwapiga picha, hawatulii.

Fremu aliwaonyesha ya kwanza. Ilikuwa dimbwi barabarani baada ya mvua, na taa ya kijani ya duka la dawa imeangukia majini nzima nzima. Wote wakasema nzuri, safi kabisa, kwa sauti ile ya mtu anayesifu chakula cha mwenyeji naye ameshashiba. Kamusi alisema ukiona vyaelea vimeundwa, kwa hiyo dimbwi hilo lazima kuna aliyelimwaga. Hakuna aliyembishia kwa sababu hakuna aliyemwelewa.

— Na ya pili? Mama Birika akauliza.

Fremu akasita, simu kaibana kifuani.

— Mficha uchi hazai, Kamusi alimhimiza.

— Mwalimu, hiyo siyo ya hapa, Mama Birika akamkata. Lete tuone, kaka.

Akawapa. Ilikuwa picha ya mkewe. Amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, beseni miguuni, ametoka kuosha kile kitambaa chake cha kichwani na anakikamua. Kichwa ki wazi. Dawa za hospitali zilikuwa zimeondoka na nywele zote, kisha ugonjwa nao ukaondoka, na sasa nywele zilianza kurudi, laini na fupi kama za mtoto mchanga. Jua la asubuhi lilikuwa limepita katikati ya nywele hizo, likakizungushia kichwa kizima ukingo mwembamba wa dhahabu. Fremu alikuwa amefika mlangoni kumwuliza iko wapi futi yake ya kupimia. Akasahau futi, akatoa simu, akapiga, akarudi kinyumenyume bila kusema neno.

Vichwa vyote viliinamia simu. Tangu mama yule augue, hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona bila kitambaa, hata dada zake wa tumbo moja. Mama Birika, aliyempelekea uji muda wote wa ugonjwa, alikuwa hajamwona.

— Wifi huyu? aliuliza kwa sauti ya chini.

— Ndiye.

Mashine aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliiinamisha huku, akaiinamisha kule, kama anavyofanya na mteja mbele ya kioo.

— Nimeshika vichwa vingi, alisema. Kuna vya mabonde, kuna vya vichuguu, kuna vinavyoishi kwa hisani ya nywele. Hiki cha shemeji hakiombi kitu. Haki ya Mungu, nikipata kichwa kama hiki nafunga duka, nakiangalia tu.

Basi shauri la kuchagua likaishia hapo, dimbwi likasahauliwa. Likaja shauri la kuitengeneza, na hapo ndipo kila mtu alipogeuka fundi. Simu ya Mashine ilikuwa na programu ya picha, ile aliyokuwa akiwaonyeshea wateja watakavyokuwa kabla hajawanyoa, kwa hiyo Fremu akamtumia picha, wakaanza.

Kamusi alitaka beseni liondoke. Mwanga na beseni wapi na wapi, alihoji. Mashine akalifuta kwa kidole. Likaondoka beseni, na pamoja nalo vidole viwili vya mguu. Wakavirudisha. Mama Birika alitaka rangi zipunguzwe ionekane ya heshima, lakini ilipogeuka nyeusi na nyeupe ni yeye huyohuyo aliyeruka.

— Ondoa hiyo, ondoa. Unamzika mwenzio yu hai?

Kamusi akapendekeza ikatwe, ibaki sehemu ya maana tu. Wakakata wakabakiza sikio na ule ukingo wa dhahabu. Wakakitazama kile kipande kwa muda. Lilikuwa sikio zuri, lakini lingeweza kuwa la mtu yeyote, hata la mteja aliyekuwa bado anangoja kwenye kiti cha Mashine.

— Ninayo dawa moja, Mashine alisema, akishusha sauti kama mtu anayetaja jina la mganga. Naweza kumpa nywele.

— Kumpaje?

— Humu ndani zimo za kila aina. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kabla Fremu hajajibu, kidole kilishabonyeza. Mke wake akaota nywele mpaka mabegani, nyeusi, zinang'aa, na ule ukingo wa jua ukafunikwa wote. Alionekana kama msomaji wa habari aliyekosea nyumba akaishia kukamua kitambaa cha watu. Fremu alihisi hasira, na hasira yenyewe ilimshangaza, maana Mashine alikuwa anasaidia tu.

— Rudisha.

— Nilikuwa najaribu, mzee.

— Rudisha, bwana. Huyo simjui.

Zikaondolewa. Mwisho Fremu akairudisha picha kwenye simu yake na kufanya jambo moja tu: fremu ya dirisha ilikuwa imeegemea kulia kidogo, akainyoosha ikasimama wima. Kitu kilichopinda yeye hakivumilii, hata katika nyumba za watu hunyoosha kwanza picha ukutani kabla hajaketi. Wakaiangalia wote wakakubaliana kwamba haina zaidi, na Mama Birika akamimina duru nyingine.

Kumbe bado. Katika ukurasa wa kutuma picha palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama, na pembeni maneno: Nathibitisha kuwa mimi ni mpiga picha wa ridhaa.

— Ridhaa ndiyo nini hapo? Fremu aliuliza, na kwa kuuliza hivyo akawa amelifungulia bwawa.

Kamusi alijisafisha koo. Ridhaa, alieleza, ni ndugu wa radhi. Mpiga picha wa ridhaa ni yule mwenye radhi ya wazazi. Fremu akamkumbusha kwamba wazazi wake wote wawili walishatangulia. Kamusi hakuyumba: basi aende kwa mkubwa wa ukoo, na kama mkubwa wa ukoo ni yeye mwenyewe, ajiite, ajikalishe, ajipe radhi, mbele ya mashahidi.

— Mwalimu, hebu pumzika, Mashine alisema. Ridhaa ni ndondi. Ndondi za ridhaa, wale wanaovaa kinga ya kichwa. Hawalipwi, wanapigana kwa mapenzi yao. Sasa swali ni hili: wewe Fremu umeshawahi kulipwa kwa picha?

— Nalipwa kwa mbao na vioo. Picha sijalipwa.

— Subiri, Mama Birika akasema. Si uliwahi kulipiga picha birika langu, lile la zamani? Nikakupa kikombe bure.

Mashine alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

— Basi huyo ni wa kulipwa. Amekwisha.

— Nitakirudisha kikombe.

— Kimeshanyweka, kaka. Na birika lenyewe lilishatoboka.

Wakalizungusha suala hilo mpaka likapotea njia. Kamusi aliuliza kama ndondi za ridhaa na picha za ridhaa ni ukoo mmoja, mbona mpiga picha havai kinga ya kichwa. Mashine akasema huenda ndiyo sababu wengi wao hawana akili. Kamusi akajibu kwamba nyani haoni kundule, na ndiyo maana mpiga picha huwa hamo katika picha yake. Fremu alikuwa akitazama saa kwenye simu.

— Nyie wanaume mnazunguka mbuyu, Mama Birika alisema. Ridhaa naijua mimi. Ni karatasi ya hospitali. Kabla hujapasuliwa unasaini kwamba umeridhia.

— Anayesaini ni mpasuaji au mpasuliwa? Mashine akauliza.

— Mpasuliwa. Wewe ungekubali kisu kisaini?

— Basi hapa isaini picha.

Wakacheka, na Fremu akacheka nao. Halafu akasema kwamba ile karatasi ya mkewe aliisaini yeye, siku ile mkewe alipokuwa hawezi kushika kalamu. Alilisema polepole, na kicheko kikatulia.

— Unaona sasa, Kamusi alisema kwa upole. Ridhaa ulishaitoa tangu hospitalini. Mume na mke ni kitu kimoja, na asiyekuwepo na lake halipo. Tia alama, bwana.

Fremu akatia alama. Moyoni alikuwa na hesabu yake ambayo hakumwambia mtu: atamwonyesha mkewe ikishashinda, ikiwa kubwa, ikiwa ndani ya fremu atakayoichonga kwa mbao bora alizo nazo. Akiiona mapema ataifuta, na kufutiwa picha ile asingekustahimili. Ndiyo maana tangu siku alipoipiga alikuwa akiogopa kumwonyesha.

Hapo akatokea mwanamke mmoja mgeni, amekumbatia kioo kilichofungwa kwa shuka, anataka kikatwe pembe iliyopasuka. Wakampa nafasi kwenye ule mlango uliogeuka benchi, Mama Birika akampa kahawa. Simu ilikuwa katikati ya benchi, picha imeenea skrini nzima, na mgeni akaiinamia.

— Ni nani huyu?

— Shemeji yetu, Mashine alijibu kwa fahari, utadhani amemwumba yeye. Inakwenda mashindanoni sasa hivi.

— Kapendeza, jamani. Aliitazama tena. Na mwenyewe ameionaje?

Hakuwa na maana mbaya. Ni swali ambalo mtu humwuliza mwenye picha kama anavyomwuliza mwenye mtoto anaitwa nani. Kamusi alivuta pumzi ya kuanzia methali, akaitoa bila methali. Mama Birika akaanza kufuta kikombe ambacho alishakifuta.

Fremu alikitazama kile kioo kwenye shuka, na kilichomjia ni kioo kingine. Kilikuwa chumbani kwake, kioo ambacho yeye mwenyewe alimkatia mkewe na kukitia mbao nyekundu. Juma lile nywele zilipoanguka, mkewe alimwomba akigeuze kielekee ukutani. Alikigeuza bila kuuliza, na hadi leo hakuna aliyekirudisha. Kila asubuhi mama yule hujipapasa kichwa kwa kiganja, toka paji la uso hadi kisogoni, kisha hufunga kitambaa. Benchi zima sasa lilijua kichwa kile kikoje, naye mwenye kichwa alikijua kwa mkono tu.

— Zimebaki dakika chache, Kamusi alisema. Basi tuma ile ya dimbwi, angalau uwemo.

Fremu alichukua simu, akasimama.

— Nimesema vibaya? mgeni aliuliza.

— Hapana, dada. Hujakosea. Kioo chako kiweke ndani, kiegemeze ukutani, nakuja.

Nyumbani hakukuwa mbali. Njia nzima alijaribu kupanga maneno, na kila sentensi ilianza na yeye: nilitaka, nilipenda, nilidhani. Alipofika mkewe alikuwa anapanga vyombo, kitambaa kichwani.  Fremu alimwambia tu kwamba alimpiga picha bila kumwambia, akampa simu.

Mkewe aliipeleka dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu sana, kisha akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza, akaikuza tena. Mkono mmoja ukapanda ukaingia chini ya kitambaa, nyuma ya sikio.

— Kumbe zimeota mpaka huku nyuma, alisema.

 Fremu alimwona anatabasamu, na alitamani kitu kimoja tu, asiulize zaidi.

— Nani mwingine ameiona?

Akamwambia. Alimtajia mmoja mmoja, na mashindano, na kile kisanduku alichokitia alama, mpaka kwa mgeni wa kioo. Saa kumi ilishapita wakati anasema. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho akiwa palepale dirishani, simu bado mkononi, na hakumrudishia.