Sixten Burvall, Aliyefika Lövånger Bila Gari Kuchemsha

Mama ameniomba nisome wasifu huu mimi, Marit, bintiye marehemu, kwa kuwa kaka yangu Torgny atalia na Mama mwenyewe anaogopa atacheka. Basi tuvumiliane.

Marehemu Sixten Burvall alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 katika kijiji cha Granträsk, mtoto wa tatu wa Hilding na Elna, wakulima wa viazi na shayiri. Alizaliwa kwenye kijumba cha kuogea mvuke, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na joto siku ile. Bibi Elna alizoea kusema kwamba mtoto yule alianza maisha na joto la kutosha, na tangu hapo hakuacha kulipima.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia 1953 hadi 1960. Hesabu aliziweza, kuimba hakukuweza kabisa, na waliowahi kukaa karibu naye kanisani hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1963 alihitimu mafunzo ya ufundi mitambo mjini Skellefteå.

Kuanzia Novemba 1966 hadi alipostaafu mwaka 2009 aliendesha gari la kusukuma theluji katika barabara zetu. Kama uliwahi kufika kazini salama mwezi wa Januari, huenda ni yeye aliyekutangulia. Mwaka 1969 alinunua gari, Volvo Amazon ya kijani, ya mwaka 1964, akaitunza kuliko meno yake. Kila baada ya miaka miwili, ifikapo Septemba, aliyamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, akaisuuza mpaka maji yatoke safi, kisha akajaza mapya yenye dawa ya kuzuia kuganda. Mipira ya maji aliibonyeza kwa vidole kila Jumamosi, na uliolainika ulitolewa siku hiyohiyo. “Injini haifi kwa uzee,” alitufundisha. “Inakufa kwa homa.” Baridi ilipokaza aliweka kipande cha boksi mbele ya rejeta, kama wafanyavyo wanaume wote wa huku, ili upepo wa barafu usiipoze injini kupita kiasi.

Tarehe 24 Juni 1972, sikukuu ya kiangazi, alimwoa Gunvor Hedström katika kanisa la Lövånger. Walilala kwenye kijumba cha familia pale kanisani, vile vijumba vya magogo tunavyovifungua siku za sikukuu tu, na wakarudi kila mwaka, sikukuu ileile, kwa gari lilelile. Gunvor alikuwa na leseni kabla ya kuolewa, lakini usukani wa Amazon hakuruhusiwa kuugusa. Baba alimpenda sana mkewe. Ila gari ni gari.

Mwezi Oktoba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu. Kilichomnyima usingizi ni kwamba Aprili iliyofuata rejeta ilianza kuvuja, na yeye hakuwa na nguvu hata ya kuinua birika. Alitaka kufika Lövånger kwa mara ya mwisho, kwa Amazon, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba huenda asiifikie sikukuu. Torgny akajitolea kumpeleka kwa gari lake jipya. Baba aligeukia ukutani.

Hapo Mama akavaa ovaroli ya mumewe. Baba aliketi dirishani jikoni, kajifunika blanketi, akitoa amri.

“Usikaze hivyo! Hiyo ni shaba, si kisiki!”

“Sixten, ama uje ushike spana mwenyewe, ama ufunge hilo dirisha.”

“Beseni liko wapi? Umemwaga chini? Mbwa akilamba maji hayo ya dawa atakufa!”

“Beseni liko hapa, mbwa yuko ndani. Kunywa kahawa yako, mzee.”

“Haya. Lakini kila kitu kirudi kilipokuwa. Kila kitu!”

Mama aliing'oa rejeta ya zamani, akafunga mpya, na mipira mipya, na mkanda mpya wa feni. Alijaza maji polepole, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Kisha akalijaribu gari, kwa ufunguo aliopewa kwa majaribio tu. Hakufika mbali, sindano ya joto ilipanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukatoka. Akaliacha lipoe, akatoa hewa upya, akajaribu tena. Likachemsha vilevile. Baba alisema kwa sauti ndogo, “Basi, Gunvor. Acha.” Sijawahi kumsikia akimwambia mtu aache kazi.

Mama akainama mbele ya gari, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Kwa kuwa aliambiwa arudishe kila kitu, alirudisha na boksi la baridi mbele ya rejeta mpya, likaziba upepo wote, mwishoni mwa Mei, jua likiwaka. Na Baba, aliyewasema nusu ya wanaume wa kijiji hiki kwa kosa hilohilo, alilitazama kutwa nzima asilione.

“Mwanamke, umelivika gari langu koti wakati wa kiangazi!”

“Si wewe uliyesema kila kitu?”

Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu vuli hatukuwa tumemsikia akicheka. Mama akalitoa boksi, na Baba akampa ufunguo, safari hii awe nao.

Tarehe 22 Juni 2024, ilipoangukia sikukuu mwaka huo, tulikwenda Lövånger, Mama akiwa kwenye usukani, mimi nyuma na blanketi. Sindano ilikaa katikati. Baba aliikodolea macho mpaka tulipopita Bureå, halafu akalala, mdomo wazi. Maisha yake yote hakuwahi kusinzia mtu mwingine akiendesha, hata kwenye basi. Tulipofika, Mama alilizunguka kanisa mara mbili ili asimwamshe.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Julai, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Tuna huzuni, lakini sitaficha kwamba tumeshusha pumzi. Tuliogopa angeondoka akiwa na hofu ya kila kitakachoharibika akiwa hayupo. Hakuondoka hivyo, namshukuru Mungu.

Ameacha mjane, Gunvor, watoto wawili, Torgny na Marit, mkwe, Ingela, wajukuu, Tuva na Melker, na dada yake, Ragnhild.

Mungu akupokee kwa amani. Endelea kulala, Baba. Mama anaendesha.