Mbegu ya Kinakomba: Maisha ya Mama Priscilla Hiribae, 1961–2025

Marehemu Mama Priscilla Hiribae alizaliwa Idsowe siku ya Jumapili, tarehe 12 Novemba 1961, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1977, kisha akashika jembe, kazi aliyoipenda kuliko zote.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Mzee Jotham, wakajaliwa Martin, Hope na Jasper. Katika ukame wa 1984 waliruhusu mifugo ya kina Bi. Madina, mwenye duka Minjila, ipite kando ya migomba yao kwenda mtoni, na tangu hapo, kwa kuwa Idsowe hufurika na Minjila iko juu, kila mavuno Priscilla alimpelekea Madina madebe mawili ya mpunga wa mbegu amtunzie.

Mafuriko ya Mei 2024 yalisomba kila ghala la Idsowe, watu wakahamia kambini, kisha maji yakapungua, na unyevu wa kupandia ulikuwa wa wiki chache tu. Alhamisi, tarehe 20 Juni, Madina, aliyesikia kwamba kambini kuna njaa, alileta madebe yale akiwa na furaha.

"Mama Martin, nimekupelekea mashineni, hata ganda moja hulioni."

Priscilla aliutazama mchele ule usioweza kuota tena, akakaa chini, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Madina wee, miaka arobaini hujajua mbegu haivuliwi nguo?"

"Mimi mtu wa ng'ombe, ungeniambia."

"Basi lete sufuria."

Kambi nzima ikala wali, na Madina akampigia simu shemeji yake, Mukhtar, aliyekuwa akinywesha ng'ombe Kinakomba, upande wa juu wa mto, naye akawaomba wakulima wenyeji wake, hata Jumapili, tarehe 30 Juni, magunia sita ya mbegu yakafika.

Machi 2025 Priscilla aliugua shinikizo la damu, akatibiwa Garsen na Hola, akatutoka Alhamisi, tarehe 13 Novemba, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na miaka 64 na siku moja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanakwaya wenzake, watu wa Minjila na wakulima wa Kinakomba.

Pumzika sasa kwa amani, Mama Martin, nasi tutakukumbuka ulivyokuwa kesho yake baada ya mbegu kufika, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, matope magotini, ulipolipita shamba lako mwenyewe ukaanza kupanda la Dama, jirani yako mjane.